Mtoto wa kambo anavunja kila kitu ndani: maswali mnayoniuliza sana

Niliolewa hapa Mbeya, Ilomba, na mwanaume aliyefiwa na mke, dereva wa lori, anapakia Dar anatokea Tunduma anaingia Zambia mpaka Kongo, akitoka hapa ni wiki mbili au tatu hajarudi. Nilimkuta na mtoto wa kiume wa miaka 9, na mimi nikaja na kabinti kangu ka miaka 3. Miaka miwili ya mwanzo yule kijana alivunja king'amuzi, vioo viwili vya dirisha, vikombe sikumbuki vingapi, akachana mapazia kwa wembe, akamwaga mafuta ya taa kwenye kiroba cha unga kilo 25 ambacho nilikuwa nimetoka kukinunua asubuhi ile ile. Sasa hivi ana miaka 16 na vioo viko salama. Siku moja nikaongea haya mambo kwenye kikoba chetu, basi tangu siku hiyo wasapu hailali, wa Tukuyu, wa Makambako, wa Iringa, kila mtu na voisi yake ya dakika nne. Nimeamua niandike mara moja. Mimi sio mtaalamu, nina fremu ya vitenge Mwanjelwa, ila benchi la ofisi ya ustawi wa jamii nimelikalia mpaka likanizoea.

Hivi anafanya makusudi au ni utoto tu?

Makusudi yapo, ila sio makusudi unayoyafikiria wewe. Mimi nilikuwa na uhakika huyu mtoto ananivizia, anasubiri baba yake aondoke ndo anianzie kwa sababu ananiona mnyonge. Nikamwambia hivyo hivyo yule dada wa ustawi, akaniuliza tu, una daftari? Nikasema la mauzo. Akasema kwenye ukurasa wa nyuma andika kila kitu kikiharibiwa, siku gani, saa ngapi, nani alikuwepo, na nini kilitokea kabla. Usiandike unavyojisikia, andika kilichotokea tu.

Nikaandika wiki sita. Matukio tisa. Saba kati ya hayo tisa yalikuwa ndani ya siku mbili baada ya lori kuondoka, na karibu yote usiku usiku, saa mbili saa tatu. Nikampelekea mume wangu lile daftari, akalisoma akanyamaza mda mrefu, alafu akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia miaka yote. Kumbe marehemu alizidiwa usiku, yeye akiwa Zambia, mtoto ndo alikuwa peke yake na mama yake ndani, ndo alitoka kwenda kugonga kwa majirani. Yaani kwa yule mtoto baba akiwasha lori maana yake kuna mtu anakufa humu ndani. Hakuwa anaweza kulisema hilo, alikuwa na miaka saba wakati linatokea.

Sisemi wako naye ana kisa kama hiki. Nasema chukua daftari. Wako labda ni Jumapili akirudi kutoka kwa mama yake, labda ni siku za matokeo ya mtihani, labda ni kila mara mtoto wako wa kumzaa anaponunuliwa kitu. Bila kuandika huwezi kuona, kwa sababu hasira inakumbuka kioo tu, haikumbuki kwamba ilikuwa Jumatatu.

Mbona anaharibu vya kwangu tu, vya baba yake hagusi?

Hili swali linaniuma mpaka leo. Mimi nilipoingia kwenye ile nyumba nilifanya usafi, si unajua mke mpya anavyoingia na nguvu, nikafungua kabati nikakuta vikombe vya udongo vya maua ya bluu, vitatu vina ufa, nikamgawia mama wa jirani na masufuria mengine ya zamani. Sikuuliza mtu. Vilikuwa vikombe vya marehemu. Mtoto alikuwa anaenda kwa jirani kucheza, anakuta watu wanakunywa chai kwenye kikombe cha mama yake.

Baada ya hapo vikombe vyangu vilianza kuisha kimoja kimoja.

Nilikuja kujua baada ya karibu miaka miwili, tena sio yeye aliyeniambia, ni yule jirani. Nikaenda kuviomba, vilikuwa vimebaki viwili, nikavirudisha kabatini bila kusema neno. Kwaiyo kabla hujalalamika vya kwako vinavunjwa, jiulize wewe ulipoingia ulitoa nini. Picha ukutani? Kitanda chake? Alikuwa analala na baba yake akaambiwa kuanzia leo utalala sebuleni? Ulihama naye mtaa akaacha marafiki? Kwa akili ya mtoto wa kwanza kuvunja ni wewe.

Nimchape?

Najua nusu yenu mmeshachapa ndo mnaniuliza. Mimi pia nilichapa, mara nne, na mara zote nne kitu kilichofuata kuharibiwa kilikuwa kikubwa zaidi. Mtoto aliyezaliwa na wewe ukimchapa asubuhi, mchana anakuja kukulalia mapajani, ana akiba ya mapenzi ya miaka. Wa kambo hana akiba na wewe, fimbo ya kwanza inamthibitishia yale aliyosikia mtaani kuhusu mama wa kambo.

Alafu kuna sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, na adhabu isiyolingana na umri wake na afya yake. Kumfungia nje usiku, na baridi ya Julai ya huku mnaijua, kumnyima chakula, kumchoma vidole, kumvua nguo mbele za watu, hayo sio malezi makali, hayo ni kesi. Kwa sheria hiyo hiyo mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, hata kama amekuzidi urefu.

Sasa kama sichapi, kitu kikishavunjika nafanya nini?

Wakati kinavunjika hufanyi chochote cha maana, kubali tu. Toa wadogo hapo, ondoa vipande, sema maneno machache, "Kioo kimevunjika, tutaongea kesho." Basi. Usimuulize kwa nini, hajui kwa nini. Usiseme "ningejua nisingeolewa", usiseme "kama mama yako". Mimi nilikuwa natoka nje naenda kusimama kwenye mgomba uani mpaka mapigo ya moyo yashuke, majirani walidhani naswali.

Kesho yake ndo kazi inaanza. Kilichoharibika kinatengenezwa na yeye yupo. Kioo cha pili nilienda naye kwa fundi, akashika futi, akabeba kioo kimefungwa kwenye boksi mpaka nyumbani, akakanda ile pati ya kushikia kioo, na akachangia hela kidogo aliyopata kwa kunisaidia kukunja vitenge Jumamosi mbili. Kidogo nasema, sio umlipishe king'amuzi mtoto wa darasa la nne, atakuwa na deni mpaka kidato cha pili na ataona hakuna faida ya kuacha. Pazia alilolichana tulishona wote, mshono umekaa vibaya vibaya, bado lipo chumbani kwake.

Mtoto akitengeneza kitu ndani ya nyumba anaanza kuiona ni nyumba yake. Huo ni ugunduzi wangu mwenyewe, na ulinigharimu.

Na vitu vya thamani weka mbali, sio aibu. Simu, vyeti, hela ya kikoba, vipelekwe kwa mtu unayemwamini au vifungiwe. Viberiti na mafuta ya taa vikae juu.

Mume wangu ananiambia namchukia mwanae.

Hapa ndo ndoa nyingi zinapofia. Baba akirudi safari amechoka, ana wiki tatu hajamwona mwanae, anafungua geti unaanza kumsomea mashtaka. Unategemea nini? Lazima amtetee, ana hatia ya kutokuwepo.

Usiongee siku ya kwanza. Msubiri ale, alale, acheze na mtoto wake. Siku ya pili mpe daftari, usimpe hadithi. Alafu usimwombe amwadhibu mtoto, mwombe msaada wa kitu kimoja kinachofanyika. Mimi niliomba kimoja tu: awe anapiga simu saa mbili usiku kila siku akiwa safari, hata kama ni dakika mbili, na anaongea na kijana kwanza kabla yangu. Tukatundika kalenda ukutani, kijana anakata tarehe kwa kalamu mpaka siku ambayo baba yake anarudi. Lori likikwama Tunduma kwenye foleni baba anapiga anasema nimekwama, ongeza siku mbili, na yeye anahesabu upya. Hiyo kalenda imefanya kazi kuliko mawaidha yote niliyowahi kutoa.

Mambo ya kukaripia na kuweka sheria, mwachie mzazi wa kumzaa miaka ya mwanzo. Wewe kaa kama shangazi anayeishi humo ndani: unasimamia sheria ambazo baba amezitangaza mwenyewe mbele yenu wote, "nikiwa sipo, akisema mama mdogo nimesema mimi". Asipotangaza hivyo wewe ni polisi asiye na kituo.

Mama yake mzazi yupo hai na ndo anamjaza maneno kwenye simu.

Inawezekana kweli anamjaza. Inawezekana pia mtoto anarudi na huzuni tu na wewe unasikia maneno. Vyote viwili dawa yake inafanana, usishindane naye. Ukimsema mama yake, mtoto anabaki na kazi ya kumtetea, na anamtetea kwa jiwe. Mwambie wazi kwamba kunipenda mimi sio kumsaliti mama, na kutonipenda pia sawa, ila vyombo hatuvunji. Dada mmoja wa Kihesa, Iringa, alianza kumtumia mama wa mtoto picha ya daftari la shule likiwa na alama nzuri, bila maneno mengi, "amepata 38 kwa 50". Zile simu za usiku zikapoa. Sio kila mama atapoa, wengine mtahitaji baba aongee naye yeye, na mkishindwa kabisa kuhusu mtoto akae wapi au aonwe lini, ni ustawi wa jamii na mahakama, sio wasapu.

Tumpeleke kwa bibi yake kijijini? Au bweni? Au Irambo kabisa?

Kwa bibi akienda likizo akarudi, vizuri sana, kuna watoto wanapona kwa kulima viazi tu na kulala mapema. Kwa bibi kama adhabu, mtoto anaelewa amefukuzwa, na bibi wa miaka 70 anaachiwa kijana anayevunja madirisha. Bweni hivyo hivyo, shule itamrudisha muhula wa kwanza na barua.

Irambo naona mnalitaja kama jini la kutishia watoto. Irambo, iko huku huku kwetu Mbeya, ni shule ya maadilisho, mtoto anaenda kule kwa amri ya mahakama akikutwa na hatia ya kosa. Huwezi kumpakia kwenye bajaji ukampeleka kwa sababu amevunja tv. Na mtoto chini ya miaka 10 sheria haimshtaki kwa kosa la jinai kabisa, kwaiyo acheni kuwatisha wa darasa la pili.

Kuna kitu mzee mmoja wa Rungwe alinikumbusha. Wanyakyusa wa zamani kijana wa kiume akifika miaka kumi hivi alikuwa anatoka kwa baba, anaenda kukaa na rika lake kwenye vibanda walivyojenga wenyewe, wanarudi kula kwa mama zao kwa zamu. Hakutupwa, alipewa sehemu. Sisi wetu alipofika miaka 13 tukamsafishia chumba cha uani, akakipaka rangi mwenyewe, kijani mbaya hiyo. Ufunguo mmoja kwake mmoja kwa baba yake. Hajavunja kitu cha kile chumba hata siku moja.

Mchungaji anasema ana pepo, na wifi anasema ametumwa.

Ombeni, mimi mwenyewe naomba. Ila mtu yeyote akikwambia mtoto afunge siku tatu bila kula, achapwe ndo pepo litoke, achanjwe chale, au akae huko kwake wiki nzima mkiwa hampo, chukua mtoto wako muondoke. Mtoto akishaitwa mchawi mtaani hilo jina halifutiki, na watoto wa huku wameumizwa kwa sababu ya hilo jina. Wifi mwambie tu asante, ndaga fijo, endelea na daftari lako.

Inawezekana ni ugonjwa?

Ndiyo, na watu wanalirukaga hili. Mpeleke hospitali apimwe masikio na macho, kuna watoto wanaitwa wakaidi kumbe hawasikii. Kama anazubaa ghafla, anaanguka, au hakumbuki alichofanya, uliza kuhusu kifafa. Mwingine hawezi kukaa wala kusubiri popote, nyumbani, shuleni, kanisani, tangu mdogo, huyo naye daktari amwangalie, sio tabia ya kambo hiyo.

Na tuseme ukweli wetu. Njombe, Iringa na Mbeya ndo mikoa inayoongoza kwa maambukizi ya VVU nchini, na nyumba nyingi za huku zimeungana upya kwa sababu mzazi mmoja alifariki. Kuna watoto wanakunywa vidonge kila siku wanaambiwa ni vya kifua. Siku anajua vya nini, kwa kusoma kopo au kwa kuchambwa na mtoto mwenzie, anaweza kuvunja nyumba nzima na ana haki ya kukasirika. Kama wako yuko hivyo, usimwambie wewe peke yako kwa hasira, nendeni na baba kliniki anayochukulia dawa, wana washauri wa kuwasaidia kumwambia kidogo kidogo kulingana na umri. Na akigoma dawa, hiyo ni dharura, sio utundu.

Lingine: mtoto aliyekuwa mtulivu akabadilika ghafla, anakojoa kitandani wakati alishaacha, hataki kubaki na mtu fulani, usianze na vikombe. Anza kujiuliza kama kuna mtu anamfanyia kitu kibaya. Mjomba, mlinzi, kijana wa kazi, yeyote.

Mimi ni baba wa kambo, haya yote mnaongea ya akina mama.

Kweli. Yako mengi yanafanana, ila baba wa kambo akipaza sauti nyumba inatetemeka tofauti, hasa kama mtoto alishaona mama yake akipigwa na mwanaume aliyetangulia. Kaka mmoja fundi gereji pale Mafinga alianza kwa kumpa kijana wa mkewe kazi ya kushika tochi akiwa chini ya gari. Miezi mitatu hawaongei, anashika tochi tu. Alisema huwezi kumgombeza mtu anayekuonyeshea mwanga.

Nijue vipi kwamba hii imekuwa hatari?

Anawasha moto. Anaumiza wanyama, sio kumfukuza kuku, kuumiza. Anashika kisu au panga kwa mtu. Anamnyonga au kumchezea vibaya mdogo wake. Anasema anataka kufa, au anajikata. Hapo usisubiri kalenda. Usimwache peke yake, usimwache na wadogo, ficha vyenye makali na sumu ya mahindi, na nendeni hospitali ile ile siku. Hospitali ya rufaa ulizia huduma ya afya ya akili, usione haya, nimekaa kwenye ule mstari nikakutana na mke wa mchungaji.

Naanzia wapi kupata msaada?

Mwalimu wa darasa au wa ushauri kwanza, umuulize shuleni yukoje. Akiwa vizuri shuleni huenda shida iko nyumbani, na kinyume chake. Kisha afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, ni bure. Simu ya watoto ni 116, bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kama kuna ukatili, dawati la jinsia na watoto polisi. Mwenyekiti wa mtaa anasaidia kwenye ugomvi na jirani aliyevunjiwa kioo, zaidi ya hapo atakupa mawaidha tu.

Simpendi. Ni dhambi?

Kwenye kicheni pati yangu waliniimbia ukipenda boga penda na ua lake. Boga halijawahi kurusha jiwe kwenye tv, ndo nilikuwa najibu moyoni. Huwezi kujilazimisha kupenda, ila unaweza kupika, kufua, kumuuliza umekulaje shule, kumnunulia viatu vya namba sahihi, siku moja na vya mtoto wako wa kumzaa. Dakika kumi kwa siku za kwake peke yake, hata kumenya viazi. Mimi upendo ulikuja ukiwa umechelewa, sikumbuki siku. Nakumbuka tu kuna jioni alichelewa kurudi, mvua kubwa, nikajikuta nimesimama barabarani na mwavuli naangalia kila daladala inayoshusha.

Inachukua mda gani?

Miaka. Kwangu kelele kubwa ziliisha karibu na mwaka wa tatu, alafu alipofika 14 zikarudi kidogo, alivunja mlango wa choo, tukaurudishia wote. Na kama unasubiri akuite mama, huyu wangu ana miaka 16, amenipita kichwa, juzi kaniletea chai fremuni kwenye kimoja cha vile vikombe viwili vya bluu, kimefunikwa na sahani isimwagike. Bado ananiita anti.